Mwongozo Kamili wa Kuandaa Sherehe ya Ofisi ya Kufunga Mwaka

Sherehe ya ofisi ya kufunga mwaka huchukua saa nne au tano, lakini wafanyakazi huizungumzia hadi katikati ya mwaka unaofuata, wengine kwa furaha na wengine kwa kinyongo. Mapambo husahaulika mapema. Kinachokumbukwa ni kama mtu alipata mahali pa kuketi na mtu wa kuzungumza naye, kama jina lake lilitamkwa sawasawa, kama chakula kilimfikia kikiwa bado cha moto, na kama alifika nyumbani salama. Nimekaa katika kamati za maandalizi mara kadhaa, na kila mara nimezidi kushikilia jambo moja: kila uamuzi upimwe kwa kumfikiria mgeni atakayepata shida zaidi kufurahi. Huyo anaweza kuwa mlinzi wa zamu ya usiku, mfanyakazi aliyeajiriwa wiki tatu zilizopita na asiyezoeana na mtu, mwenye mzio wa karanga, asiyekunywa kileo, au anayetumia kiti cha magurudumu. Mpango unaomfaa huyo huwafaa na wengine, ilhali mpango uliotungwa kwa ajili ya wachangamfu wachache huwaacha wengi wamejikunyata pembeni wakitazama saa.

Maelezo yafuatayo yanakwenda kwa mtiririko wa kazi yenyewe, kuanzia wiki 12 kabla ya sherehe hadi wiki inayoifuata. Ofisi ya watu 15 inaweza kufupisha muda huo hadi wiki 5 au 6. Ofisi ya watu 200 isijaribu kufanya hivyo.

Lengo na kamati: wiki 12 kabla

Kabla ya mtu yeyote kupiga simu kuulizia ukumbi, uongozi ujibu swali moja kwa maandishi: sherehe hii inafanywa kwa sababu gani? Kuna tofauti kubwa kati ya sherehe ya kuwashukuru wafanyakazi, sherehe ya kuwakutanisha watu wa idara zisizoonana mwaka mzima, na hafla ya kuwakaribisha wateja. Ya kwanza inahitaji muda wa kuitambua kazi ya kila mtu, ya pili inahitaji mpangilio wa meza unaochanganya idara, na ya tatu inahitaji itifaki, kwa maana mfanyakazi anayekwenda huko anakwenda kazini. Zote tatu zikichanganywa kwa mkupuo, wafanyakazi huishia kuwahudumia wateja katika siku iliyotangazwa kuwa yao. Sentensi moja ya lengo, ikiandikwa juu ya ukurasa wa kwanza wa mpango, itapunguza mabishano mengi, kwa sababu kila pendekezo jipya litapimwa kwa sentensi hiyo.

Kamati ifaayo ina watu kati ya 4 na 7: mwenyekiti mwenye mamlaka ya kuamua mambo madogo bila kurudi kwa uongozi kila mara, mhazini, msimamizi wa chakula na ukumbi, msimamizi wa ratiba na burudani, na msimamizi wa mialiko na usafiri. Jambo linalopuuzwa zaidi ni sura ya kamati yenyewe. Ikiwa wote wanatoka ghorofa moja, wana umri unaokaribiana na hula chakula cha mchana pamoja, watapanga sherehe yao wenyewe huku wakiamini kwamba wamepanga ya ofisi nzima. Muingizeni angalau mtu mmoja wa usafi, ulinzi, udereva au zamu ya usiku, mpeni sauti kamili, na vikao vifanyike saa ambazo naye anaweza kuhudhuria.

Bajeti: wiki 11 kabla

Ombeni kiasi cha fedha kwa maandishi, kikiwa na sahihi ya mwenye mamlaka ya kukitoa. Ahadi ya mdomo iliyotolewa kwenye korido haitoshi kulipia arubuni ya ukumbi. Kiasi kikishajulikana, zigawanyeni gharama katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la gharama zisizobadilika hata wageni wakiongezeka kidogo, kama vile ukumbi, vyombo vya muziki, mapambo na malipo ya mshereheshaji. Fungu la pili ni la gharama za kila kichwa: chakula, vinywaji, kiti, zawadi na usafiri. Mgawanyo huu unaonekana wa kihasibu tu, lakini ndio utakaowaokoa siku idara moja itakapoomba kuja na wenzi wao. Wageni wakipanda kutoka 80 hadi 110, fungu la kwanza halitatikisika, ila la pili litaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, na mhazini ataweza kusema hivyo palepale kikaoni badala ya kugundua wiki mbili baadaye.

Kama hamna pa kuanzia, zichukueni fedha zote kuwa mafungu 100, kisha tengeni 50 kwa chakula na vinywaji, 20 kwa ukumbi na samani, 10 kwa muziki na sauti, 10 kwa usafiri, na 10 kwa dharura. Huu ni mgawanyo ninaoupendelea mimi, na kila ofisi itaurekebisha kulingana na hali yake, lakini fungu la dharura lisiguswe hadi wiki ya mwisho. Sherehe nyingi huingia madeni kwa sababu ya vitu vidogo vilivyokumbukwa mwishoni: barafu, maji ya ziada, malipo ya mlinzi wa maegesho, saa moja ya ziada ya ukumbi.

Kwa kila huduma kubwa ombeni makadirio ya bei ya maandishi kutoka kwa watoa huduma watatu, na msiyalinganishe kabla ya kuuliza yanajumuisha nini. Je, kodi imo? Usafirishaji wa chakula je? Wahudumu wanalipwa na nani? Nani anafidia chombo kikivunjika? Ukumbi usafishwe na nani, na hadi saa ngapi? Bei inayoonekana ndogo mara nyingi imeyaacha mambo hayo nje. Mkilipa arubuni, chukueni stakabadhi na hakikisheni kwamba makubaliano yanaeleza ni kiasi gani kitarudishwa sherehe ikiahirishwa, na mwisho wa kuahirisha ni tarehe ipi. Bakizeni sehemu ya malipo hadi huduma itakapokamilika.

Kuhusu kuwachangisha wafanyakazi, ushauri wangu ni kuepuka. Ikiwa hakuna njia nyingine, mchango uwe wa hiari, upokewe na mtu mmoja asiyetoa habari za mwingine, na asiyechanga aingie ukumbini kama wenzake. Orodha ya waliochanga ikibandikwa ukutani, sherehe imekwisha kumuumiza mtu kabla haijaanza. Fedha zikipungua, punguzeni saa za sherehe au ihamisheni kutoka jioni kwenda mchana, kisha punguzeni mapambo na zawadi. Chakula na usafiri viwe vya mwisho kuguswa.

Tarehe na saa

Mwisho wa mwaka watu wa hesabu wanafunga vitabu, wengine wanasafiri, na kumbi hujaa miezi kadhaa mbele. Kwa hiyo chagueni tarehe mbili, muulize kila mkuu wa idara ni kazi gani imeshikilia wiki hizo, halafu amueni. Epukeni siku za ibada na za mfungo za wafanyakazi wa dini zote zilizomo ofisini, na iiteni sherehe kwa jina ambalo hakuna atakayejiona mgeni ndani yake. Jina la kufunga mwaka linatosha. Ofisi zenye msongamano mkubwa mwezi wa Desemba zinaweza kufanya sherehe katikati ya Novemba au wiki za mwanzo za Januari bila kupoteza chochote, na mara nyingi bei huwa nafuu zaidi.

Sherehe inayofanyika ndani ya saa za kazi huwafikia watu wengi zaidi, wakiwamo wazazi wa watoto wadogo na wanaoishi mbali. Mkichagua jioni, anzeni mapema na tangazeni saa ya kumaliza kama mnavyotangaza saa ya kuanza.

Orodha ya wageni na mialiko: wiki 10 hadi 6 kabla

Mwaka mmoja mimi ndiye niliyeshika orodha. Niliitoa kwenye anwani za baruapepe za ofisi, nikaihesabu, nikaridhika kwamba imekamilika. Wafanyakazi wa usafi na walinzi hawakuwa na anwani hizo, kwa kuwa mikataba yao ilipitia kampuni nyingine. Siku ya sherehe walikuwapo, lakini walikuwapo wakikusanya sahani. Mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipangusa meza yangu kila asubuhi, aliinua glasi yangu, akafuta maji chini yake, akairudisha palepale, kisha akaniuliza kwa upole kama sherehe ilikuwa ya wote. Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo huiandika orodha kwa miguu: naanza getini, napita mlango kwa mlango, naingia jikoni, stoo na chumba cha madereva, na kila ninayemkuta nauliza nani mwingine hufanya kazi hapa ambaye leo hayupo. Watu wa zamu, walio likizo ya uzazi, wagonjwa, wanafunzi wa mafunzo ya vitendo na wanaofanya kazi wakiwa nyumbani huingia kwenye orodha kwa njia hiyo. Kwa watakaokuwa zamu siku hiyo, amueni mapema: ama mtaajiri walinzi wa muda, ama mtagawa sherehe katika awamu mbili, ama mtawatengea chakula kilekile, kilichopakuliwa kabla ya wengine kuanza kula. Makombo yaliyokusanywa baadaye hayahesabiki.

Mwaliko wenyewe utaje tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali na jinsi ya kufika, kama wenzi na watoto wamealikwa, mavazi yanayotarajiwa kwa maneno ya kawaida, na ikiwa usafiri utatolewa. Utaje pia waziwazi kwamba kuhudhuria ni hiari. Kuna anayeomboleza, kuna aliyeacha pombe kwa taabu kubwa, kuna asiyeweza kuvumilia kelele. Asilazimike kumweleza mkuu wake sababu.

Pamoja na mwaliko, tumeni fomu fupi yenye maswali manne: utakuja? Kuna chakula usichokula kwa sababu ya afya, imani au uamuzi wako? Unahitaji msaada wowote kuingia, kuketi, kusikia au kuona? Utarudi nyumbani kwa njia gani? Wekeni tarehe ya mwisho ya kujibu, wiki 3 kabla ya sherehe, na wasiojibu wapigiwe simu mmoja mmoja. Msikisie idadi, kwa sababu mpishi atahitaji hesabu ya mwisho siku kadhaa kabla, na mtailipia hata sahani isiyoliwa.

Ukumbi: wiki 9 kabla

Nendeni kuutazama ukumbi kwa macho yenu, tena saa ileile ambayo sherehe itafanyika. Mchana mweupe hauwezi kuwaonyesha kwamba njia ya kutoka maegeshoni haina taa. Chukueni futi kamba na hesabuni nafasi. Kwa wageni waliosimama na kutembeatembea, kadirieni mita 1 ya mraba kwa kila mtu. Kwa walioketi kwenye meza za duara, kati ya mita 1.2 na 1.5 za mraba. Watu 80 walioketi watahitaji takriban mita 100 hadi 120 za mraba, kabla ya kuongeza meza za chakula, jukwaa na mahali pa kucheza. Meza ya duara yenye kipenyo cha mita 1.5 inawatosha watu 8, kila mmoja akipata karibu sentimita 60 za ukingo. Mwenye ukumbi akikuambia kwamba wanakaa 12, muombe aweke viti 12 uone viwiko vitakavyogongana.

Kisha tazameni ukumbi kwa macho ya yule mgeni niliyemtaja mwanzoni. Upimeni upana wa mlango, maana kiti cha magurudumu kinahitaji uwazi usiopungua sentimita 80. Kama kuna ngazi, ulizeni kuna njia ya mteremko, na mwinuko wake ukoje. Kiwango kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kidato kimoja cha sentimita 15 kinahitaji ubao wenye urefu wa sentimita 180. Ubao mfupi wa kuegesha tu ni hatari kuliko ngazi yenyewe. Ingieni chooni mkaangalie kama mlango unafungika mtu akiwa ndani na kiti chake. Tafuteni chumba kidogo chenye utulivu, kwa ajili ya anayenyonyesha, anayetaka kuswali, au aliyechoshwa na kelele. Halafu hesabuni milango ya dharura na uisukume kila mmoja kwa mkono wako. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli, au uliozibwa na viti vilivyorundikwa, ni sababu tosha ya kuukataa ukumbi, hata kama bei ni ya kuvutia.

Maswali yaliyobaki ni mafupi: idadi ya juu ya watu inayoruhusiwa, umeme wa akiba na muda unaochukua kuwaka, maegesho, saa ambayo muziki unapaswa kuzimwa, na kama mnaruhusiwa kuleta mpishi wenu. Mkiamua kutumia ofisi yenyewe, fungieni nyaraka na kompyuta, na ajirini watu wa kusafisha kwa malipo. Wafanyakazi wa usafi wa kila siku siku hiyo ni wageni.

Chakula na vinywaji

Malalamiko mengi ya sherehe za ofisi huanzia kwenye foleni. Fanyeni hesabu hii mapema: mgeni mmoja akitumia sekunde 20 mbele ya meza ya chakula, wageni 120 kwenye foleni moja watachukua dakika 40, na wa mwisho atakula wakati wa kwanza ameshaomba kuongezewa. Meza hiyohiyo ikisogezwa kutoka ukutani ili watu wapite pande zote mbili, muda unashuka hadi dakika 20. Wekeni meza mbili za namna hiyo na ni dakika 10. Sahani ziwe mwanzo wa meza, uma na visu viwe mwisho, kwa sababu anayeshika uma tangu mwanzo anabaki na mkono mmoja wa kupakua. Vinywaji viwekwe upande mwingine kabisa wa ukumbi ili foleni mbili zisikutane. Waiteni wageni meza kwa meza, na meza ya viongozi isiwe ya kwanza. Nimeona jinsi chumba kizima kinavyobadilika mkurugenzi anaposubiri zamu yake na sahani mkononi. Kwa chakula cha kujipakulia, mhudumu mmoja kwa wageni 25 hadi 30 anatosha. Kwa chakula kinacholetwa mezani, mmoja kwa wageni 10 hadi 15.

Majibu ya fomu mpeni mpishi kwa maandishi, yakiwa na idadi. Sheria ya Marekani inavitaja vyakula 9 kuwa visababishi vikuu vya mzio: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, njugu za miti kama korosho na lozi, ngano, soya na ufuta. Orodha hiyo inafaa kumkabidhi mpishi popote, ili kila chakula kiwekewe kibao kinachotaja vilivyomo kati ya hivyo 9. Kila bakuli liwe na kijiko chake, maana kijiko kilichotoka kwenye mchuzi wa karanga kikiingia kwenye saladi, kibao hakina maana tena. Wasiokula nyama wapakue kwanza chakula chao, la sivyo wenzao watakionja na kukimaliza. Ulizeni pia jinsi nyama ilivyochinjwa na mafuta gani yametumika, kwa sababu kuna wageni ambao jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama watakula au watakaa na njaa kimyakimya.

Kuhusu usalama wa chakula, Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, cha moto kidumu juu ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapopakuliwa, na kinachoharibika haraka kiwekwe kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 5. Kwa hiyo chakula kisiletwe saa tatu kabla ya kuliwa kwa kuhofia foleni za barabarani. Mkubaliane na mpishi kwamba kitafika dakika 45 kabla, kikiwa kwenye vyombo vya kutunza joto, na atakileta mezani kidogokidogo. Kwa vinywaji, kadirieni viwili kwa kila mgeni katika saa ya kwanza na kimoja kwa kila saa inayofuata. Sherehe ya saa 4 yenye watu 100 itahitaji takriban vinywaji 500, mbali na maji. Visivyo na kileo viwe vya aina kadhaa na viandaliwe kwa uangalifu uleule, ili asiyekunywa asipewe soda ya uvuguvugu kama adhabu.

Ratiba, hotuba na burudani: wiki 5 kabla

Ratiba nzuri ina nafasi tupu ndani yake. Kwa sherehe ya saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, mimi hupanga hivi: nusu saa ya kwanza ni ya kupokea wageni kwa muziki wa chini, saa 11:30 mwenyeji anakaribisha kwa dakika 3, saa 11:40 chakula kinaanza, saa 12:40 ni wakati wa shukrani na tuzo, usiozidi dakika 30, kuanzia saa 1:10 ni muziki na michezo kwa wanaotaka, saa 2 huduma ya kileo inafungwa, saa 2:45 usafiri unatangazwa. Hotuba ndefu isitangulie chakula. Mwenye njaa hasikii.

Hotuba zote zikijumlishwa zisizidi dakika 15. Msemaji wa kawaida hutamka maneno 120 hivi kwa dakika, kwa hiyo mkuu aliyepewa dakika 5 aandike maneno 600, na mshereheshaji awe na ruhusa ya kusimama karibu naye muda ukiisha. Takwimu za mauzo na malengo ya mwaka ujao yana vikao vyake.

Kinachostahili muda ni shukrani, na shukrani inahitaji kazi ya utafiti. Kusema kwamba fulani ni mfanyakazi bora, mwenye bidii na wa kuigwa hakumwambii mtu kitu, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kubandikwa kwa yeyote. Linganisheni na haya: “Mwezi wa nne mfumo wa malipo ulipokwama, alibaki ofisini hadi saa nne usiku akiingiza kumbukumbu 340 kwa mkono, na kesho yake sote tulipata mishahara bila kujua kilichotokea.” Ukumbi mzima unageuka kumtazama. Waombeni wakuu wa idara waandike sentensi moja ya namna hiyo kwa kila mtu aliye chini yao, si kwa washindi pekee. Sentensi hizo zichapwe kwenye kadi ziwekwe mezani, na chache zisomwe kwa sauti. Anayesoma ayafanyie mazoezi majina yote mbele ya wenyewe, kwani jina likikosewa mbele ya umati, shukrani inageuka kuwa jeraha.

Meza zichanganye idara, lakini mtu asiwekwe peke yake kati ya wasiomfahamu. Wekeni wawili wawili wanaojuana, na kila meza iwe na mwenyeji mmoja kutoka kwenye kamati au marafiki zake, mwenye kazi ya kumkaribisha aliyenyamaza. Michezo iwe ya hiari. Usiwepo mchezo unaomlazimisha mtu kuguswa, kuvua kitu, kuiga lafudhi ya mwenzake au kujibu maswali ya mapenzi. Zawadi za kubadilishana kwa kura ziwekewe kiwango cha juu ambacho mwenye mshahara mdogo kabisa anakimudu, na asiyetaka kushiriki asiulizwe. Wapiga picha waambiwe nani hataki picha yake isambazwe. Stika ndogo ya rangi kwenye kadi ya jina inatosha kuwaonyesha.

Sauti ya muziki ina kipimo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka ukomo wa saa 8 kwa sauti ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu, hata kufikia dakika 15 tu kwenye desibeli 100. Hadi shukrani ziishe, muziki uwe wa chini kiasi kwamba watu wawili walio mita moja mbali wanaelewana bila kupaza sauti. Baadaye uongezwe, huku spika zikielekea mahali pa kuchezea na mbali na meza, ili wanaotaka kuzungumza nao wabaki.

Kileo na safari ya kurudi

Ofisi inayoamua kutotoa kileo haihitaji kujitetea, na sherehe nyingi hunoga bila hicho. Inayoamua kukitoa ijue kwamba ini huondoa takriban kipimo kimoja cha kawaida cha kileo, kama chupa ndogo moja ya bia, kwa saa, na kwamba kahawa au maji baridi usoni havilihimizi. Kwa sababu hiyo chakula kitangulie, vinywaji vitolewe kwa kuponi au kwa kipimo, huduma ifungwe saa moja kabla ya mwisho, na wanakamati wawili wabaki bila kunywa hadi mgeni wa mwisho atakapoondoka. Majina yao na namba zao za simu wageni wote wazijue, ili aliyesumbuliwa ajue pa kukimbilia. Siku mbili kabla, uongozi utume ujumbe mfupi unaokumbusha kwamba kanuni za heshima za ofisini zinafuata watu hadi ukumbini, na kwamba cheo hakimkingi mtu na malalamiko.

Usafiri upangwe kwa kutumia majibu ya fomu. Gawanyeni wageni kwa njia wanazokaa, kodisheni magari ya kuondoka katika awamu mbili, moja katikati na moja mwisho, na kila gari liwe na mtu mwenye orodha ya majina. Gari la katikati lina umuhimu wa pekee, kwa maana bila hilo anayetaka kuondoka mapema analazimika kuwasubiri wanaocheza.

Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Siku 3 kabla, pigieni simu kila mtoa huduma, mrudie naye saa, mahali na idadi, kisha mtumie ujumbe wa maandishi wenye mambo hayohayo. Andikeni ukurasa mmoja wa ratiba ya kazi unaoonyesha kila dakika 15 nani anafanya nini, na kila mwanakamati awe na nakala ya karatasi, kwa sababu simu huishiwa chaji. Kwenye sanduku la dharura wekeni betri za maikrofoni, waya wa kuongezea umeme, gundi ya karatasi, mkasi, kalamu, tochi, taulo za kike, dawa za huduma ya kwanza na fedha taslimu kidogo.

Fikeni ukumbini saa 3 kabla. Pimeni maikrofoni mkiwa mmesimama kwenye meza ya mwisho kabisa, kwa kuwa aliye jukwaani huisikia sauti yake mwenyewe vizuri daima. Fungueni milango ya dharura. Mlangoni wekeni watu wawili wanaojua majina, mmoja wa kuandika na mwingine wa kumsindikiza mgeni hadi kitini pake. Yule mwajiriwa mpya anayesita kizingitini ndiye anayewahitaji. Baada ya hapo mwenyekiti asishike kazi yoyote ya mikono. Kazi yake ni kuzunguka, kuona meza ipi imekaukiwa maji na nani amekaa peke yake kwa zaidi ya dakika 10.

Wiki inayofuata

Kesho yake rudisheni vilivyoazimwa na tafuteni wenye vitu vilivyosahaulika. Ndani ya siku 5 mhazini alinganishe ankara na makubaliano, alipe salio, na awasilishe hesabu kwa uongozi pamoja na stakabadhi. Wapishi, wahudumu na madereva waandikiwe barua ya shukrani. Wafanyakazi waulizwe maswali matatu bila kuandika majina: nini kilikupendeza, nini kilikukera, na nini kilikuzuia kuja kama hukuja? Swali la tatu wapeni hasa waliobaki nyumbani, kwani majibu yao hayapatikani ukumbini.

Kila kitu kiingizwe kwenye jalada moja: makubaliano, hesabu, ramani ya meza, idadi halisi ya sahani zilizoliwa, namba za watoa huduma, majibu ya maswali hayo, na orodha ya wageni iliyokusanywa kwa miguu kuanzia getini, pamoja na majina ya watu ambao mwaka huu walisahaulika. Jalada hilo akabidhiwe mwenyekiti wa kamati ijayo mwezi wa Januari, wakati waliokuwapo bado wanakumbuka.